Mshubiri wa Kienyeji: Unataka Jani au Unataka Ua?

Mwambie jirani kwamba unatafuta mmea wa kudumu, usiotishwa na ukame, wenye maua ya kuwavuta nyuki na ndege, naye hatakawia kukujibu: panda alovera. Atakuonyesha kopo la rangi lililo kando ya mlango wake, limejaa machipukizi hadi limepasuka, na atakung'olea moja bure. Ni jibu la ukarimu, ila ni jibu la swali jingine. Alovera hupandwa kwa ajili ya jani. Anayetaka maua ya kulisha wachavushaji mwaka hadi mwaka, na mbegu za kuendeleza mmea wenyewe, aitazame mishubiri ya nyikani: ile ambayo Wamasai huiita osuguroi, Wakamba kiluma na Waluo ogaka.

Mkanganyiko huu una sababu. Jenasi ya Aloe, yaani ukoo wa mishubiri yote, ina spishi zaidi ya 500, zilizotawanyika Afrika, Madagaska na Rasi ya Uarabuni, na Afrika Mashariki ni mojawapo ya makao yake makubwa. Alovera ni spishi moja tu kati ya hizo, na si ya huku. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 uliielekeza asili yake Rasi ya Uarabuni, na hadi leo huota porini katika milima ya kaskazini mwa Oman. Kwa hiyo msomaji aliyeko Oman ana haki ya kuuita mshubiri wa kwao. Aliyeko Dodoma au Kitui, la. Watu wameubeba mmea huo kwa karne nyingi kwa sababu ya ute wake mwingi, wakiuzalisha kwa kung'oa machipukizi. Hata leo maua yake ya manjano hutembelewa na nyuki na ndege, lakini mbegu zake ni haba sana.

Kwa mfano wetu nitauchukua mshubiri mmoja ambao wengi wameuona kando ya barabara bila kuuliza jina: Aloe secundiflora. Huota kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, hadi Tanzania, na magharibi hadi Rwanda, kwenye nyika na vichaka vya wazi, kati ya mita 750 na 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Hauna shina la kuonekana, au unalo fupi tu. Majani yake ni manene, ya kijani kilichofifia, yenye miiba kingoni, nayo yamejipanga duara. Bua la maua huweza kufika mita moja na nusu, likagawanyika matawi mengi yaliyolala kidogo, na juu ya kila tawi maua ya wekundu uliofifia husimama upande mmoja tu, yameelekea juu. Ukiona maua yamegeukia upande mmoja namna hiyo, uwezekano ni mkubwa kwamba ndio huo.

Mwenye shamba pwani asiung'ang'anie. Huko kuna Aloe kilifiensis na Aloe rabaiensis, zilizozoea joto na hewa ya bahari. Turkana ina Aloe turkanensis, unaotambaa na kujaza eneo kwa machipukizi. Pande za Naivasha kuna Aloe kedongensis, unaorefuka na kufaa kuwa wigo. Aloe lateritia, wenye majani ya mabaka meupe na maua yaliyokusanyika kama mwavuli, unapatikana sehemu nyingi za Kenya na Tanzania. Na kuna kichekesho kimoja cha kusikitisha: Aloe dorotheae, ambao majani yake hugeuka mekundu mno juani, kwao ni miamba michache ya Handeni mkoani Tanga na uko hatarini kabisa kutoweka, ilhali wapenda bustani wa California wanaununua kwenye vitalu vyao bila shida. Sisi wenye mmea ndio hatuujui.

Kanuni ya kuchagua ni fupi: panda ule unaoota wenyewe karibu nawe. Si kwa uzalendo. Mmea huo tayari umepatana na majira ya mvua ya hapo, na ndege na nyuki wa hapo wanaujua.

Namna unavyoishi bila maji

Mimea mingi hufungua mchana vile vitundu vidogo vya majani, yaani stomata, ili ivute hewa ya kaboni, na kila inapofungua hupoteza maji. Mshubiri hufanya kazi hiyo usiku. Jua likishazama na hewa ikipoa, stomata hufunguka, kaboni huingia na kuhifadhiwa ndani ya jani katika umbo la asidi. Kukicha milango hufungwa, na jani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula kutokana na ile akiba ya usiku. Maji yanayopotea kwa njia hii ni kidogo mno. Ongeza ngozi ngumu yenye nta, na ute wa ndani ambao ni tangi la maji lililogandishwa, utaelewa kwa nini mshubiri uliong'olewa na kutupwa juu ya jiwe hukaa majuma mengi ungali hai.

Lakini ustadi huu una gharama, na gharama hiyo ndiyo inayowashinda wakulima wengi. Mmea unaokula kwa uangalifu hukua kwa uangalifu. Ukisia mbegu leo, usitegemee ua kabla ya mwaka wa tatu au wa nne. Pili, mizizi yake ni mifupi, imetandaa karibu na uso wa ardhi ili idake manyunyu ya dakika chache, kwa hiyo haina ulinzi wowote dhidi ya udongo unaokaa na maji. Karibu kila mshubiri unaokufa bustanini umekufa kwa kuoza, haukufa kwa kiu. Dalili zenyewe hupotosha: majani yanayooza kuanzia chini hulegea na kupauka, mwenye bustani huona kama kiu, huongeza maji, na hapo huwa ameumaliza.

Tofauti ni rahisi kuijua kwa vidole. Jani lenye kiu huwa jembamba, hujikunja kidogo kuelekea ndani, rangi hugeuka ya shaba, lakini ukilibonyeza ni gumu. Jani linalooza ni laini, la majimaji, na ukilivuta linatoka. La kwanza lisikutie hofu hata kidogo. Rangi ya shaba wakati wa kiangazi ni hali ya kawaida ya mshubiri, nao hurudi kijani juma moja au mawili baada ya mvua.

Ua, ndege na nyuki

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo wauza miche hawaisemi.

Mishubiri mingi huchanua kiangazi, mvua ikiwa imekwisha na migunga imeshamaliza maua yake. Huo ndio uzito wake kwa wachavushaji: huweka mezani mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, wakati sehemu nyingine hakuna kitu. Mfugaji wa nyuki wa Makueni au Manyoni anajua vizuri miezi ambayo mizinga huwa myepesi na makundi huanza kuhama. Wigo wa mishubiri hauwezi kujaza mzinga asali, lakini unaweza kulishikilia kundi lisiondoke.

Wageni wa ua la mshubiri ni wa aina mbili, na hawataki kitu kimoja. Chozi, wale ndege wadogo wa rangi za kumetameta wenye mdomo mrefu uliopinda, wanafuata mbochi. Ua lenyewe ni bomba jembamba, na mbochi iko mwisho wake. Chozi hapendi kuelea hewani kama ndege wavumaji wa Amerika. Anataka kutua, na matawi ya bua la maua ni ngazi yake. Akisukuma mdomo ndani, kidevu na paji la uso hupakwa chavua ya manjano au ya machungwa, naye huipeleka kwenye ua la mshubiri unaofuata. Ukimtazama kwa makini asubuhi, chavua hiyo unaiona.

Nyuki wanafuata zaidi chavua. Hudamka mapema, hukwangua viini vya kiume vilivyochomoza, na hapo unakuja ubishi wa wataalamu: je, nyuki ni mchavushaji au mwizi? Ua la mshubiri hutoa kwanza chavua, na sehemu ya kike hukomaa baadaye, viini vya kiume vikishanyauka. Nyuki anayefuata chavua tu ana sababu gani ya kwenda kwenye ua lililokwisha chavua? Akienda kwa ajili ya mbochi, huchavusha. Asipokwenda, amechukua bila kulipa. Jibu hutofautiana kati ya spishi na spishi, kufuatana na urefu wa bomba la ua na wingi wa ndege mahali hapo. Kwa mwenye bustani ubishi huu si wa kumnyima usingizi: wote wawili wanakula.

Kinachopaswa kumshughulisha ni hiki. Mishubiri mingi haijitungishi. Chavua ya mmea ikiangukia ua la mmea uleule, mbegu haifanyiki, au hufanyika chache dhaifu. Unahitaji mimea miwili isiyo mapacha. Na hapa ndipo watu wanaponaswa, kwani machipukizi yote ya mama mmoja ni mapacha. Mtu amepewa chipukizi moja, likazaa mengine ishirini, akayapanga wigo mzima, kisha anashangaa kwa nini maua yanapukutika bila kuacha hata kitumba kimoja cha mbegu. Kwa macho ana mishubiri ishirini. Kwa hesabu ya mbegu anao mmoja. Dawa ni kuomba miche kutoka sehemu mbili au tatu tofauti, au kuanza na mbegu, ambazo kila moja ni mtoto wa peke yake. Aloe secundiflora kwa kawaida hauzai machipukizi mengi, kwa hiyo ukiupata kitaluni mara nyingi umetokana na mbegu, na tatizo hili linakupungukia.

Jambo la pili ni wingi. Mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf walichapisha kazi waliyoifanya nyanda za juu za Kenya juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu, anayelinda eneo la maua asiingie mwingine. Mmea wao ulikuwa Leonotis, si mshubiri: ule wa jamii ya mnanaa wenye maua ya machungwa yaliyokusanyika kama mipira kwenye shina. Waliona kwamba ukubwa wa maeneo ya ndege hao ulitofautiana kupita kiasi, lakini idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, takribani 1,600. Ndege hakuwa anapima ardhi, alikuwa anapima chakula. Maua yakiwa machache kupita kiasi, nguvu za kuyalinda hazirudi. Huhitaji maua 1,600 ili chozi akutembelee, ila somo la mpangilio limo humo: panda kwa makundi. Mishubiri saba mahali pamoja huvuta ndege kuliko mishubiri saba iliyotawanywa pembe zote za kiwanja. Na ukiweza kuchanganya spishi mbili za eneo lako zinazochanua nyakati tofauti, msimu wa chakula unarefuka.

Kuchanganya spishi kuna tahadhari moja tu. Mishubiri hupandana kwa urahisi ikichanua pamoja, na mbegu utakazovuna zaweza kuwa chotara. Kwa maua ya bustani hakuna ubaya. Kwa anayetaka kuuza miche ya kienyeji au kurudisha mimea kwenye nyika iliyochakaa, ni ubaya mkubwa, na atenganishe.

Kuupanda

Udongo kwanza, maana mengine yote ni madogo. Kichanga, changarawe, mteremko wa mawe, hata ardhi iliyochakaa isiyokubali mahindi, vyote vinafaa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, haufai mpaka uinue tuta la futi moja hivi, ukichanganya udongo na mchanga mwingi na kokoto. Usichimbe shimo ukalijaza udongo mzuri katikati ya mfinyanzi: umetengeneza bakuli la kukusanya maji chini ya mizizi.

Mbegu huwa ndani ya vitumba vinavyokauka na kupasuka sehemu tatu. Ni nyepesi, zina vibawa vyembamba, na upepo huzichukua, kwa hiyo kitumba kivunwe kinapogeuka kahawia, kabla hakijafunguka, au kifungwe kitambaa chepesi. Zisie zingali mpya. Tumia trei au beseni lenye matundu, mchanga sehemu kubwa na udongo wa msituni kidogo, kisha zifunike kwa mchanga kiasi cha kuzificha tu. Weka mahali penye mwanga lakini si jua kali, nyunyizia kwa mkono mwepesi, nazo zikipata joto huanza kuota ndani ya majuma mawili hadi manne. Miche michanga huuawa na ukungu wa shingo, mche unaanguka ghafla kama uliokatwa. Maji kidogo na hewa ya kutosha ndiyo kinga. Ikifikisha majani manne au matano hamishia kwenye viriba, na shambani ipeleke ikiwa na ukubwa wa kiganja.

Chipukizi, kwa spishi zinazolizaa, ni rahisi zaidi, kwa sharti moja ambalo watu hulidharau. Ukishalitenganisha na mama usilipande siku hiyohiyo. Liache kivulini siku kadhaa hadi juma, kidonda kikauke na kufanya ngozi. Kisha lipande kwenye udongo mkavu, usubiri tena kidogo kabla ya kulimwagia maji. Anayelipanda bichi na kulimwagilia ameualika uozo.

Wakati wa kuhamishia shambani ni mwanzo wa mvua. Kwa Ukambani, ambako vuli hutegemewa kuliko masika, hiyo ni Oktoba au Novemba. Kwa Dodoma na Singida, zenye msimu mmoja, ni Desemba. Acha mita moja kati ya mmea na mmea, nusu mita ukitaka wigo. Mwaka wa kwanza, kiangazi kikiwa kirefu, maji mara moja kwa majuma mawili au matatu yanatosha. Baada ya hapo weka ndoo chini. Mbolea ya samadi nayo ukiitia kwa wingi unapata majani manene laini, yanayovutia wadudu na kuchelewesha maua. Koleo moja iliyooza vizuri wakati wa kupanda inatosha kabisa.

Adui mkubwa wa maua ni mbuzi. Jani ni chungu, shubiri yenyewe, hawaligusi sana. Bua changa la maua wanalipenda, na mbuzi mmoja aliyefunguka kamba anaweza kumaliza msimu mzima kwa dakika chache. Zungushia matawi ya miiba pale bua linapoanza kuchomoza. Wadudu wadogo weupe wenye unga wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukiona majani au mabua yamefanya vinundu vya ajabu kama uvimbe, hao ni utitiri: kata sehemu hiyo mbali na uvimbe na uichome moto. Dawa za kuua wadudu usipulize kabisa wakati wa maua, la sivyo utawaua wageni uliowaandalia meza.

Kukata majani, na kisicho cha kunywa

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji hukata majani ya mshubiri na kuyatia kwenye maji ya kuku, hasa kideri kinapovuma. Kwa jadi ya Wamasai mizizi ya osuguroi hutumika katika kuchachusha pombe ya asali. Sisemi uache hayo. Nasema mmea mmoja hauwezi kuhudumia kila hitaji, kwa kuwa maua hutengenezwa kwa akiba ya majani. Ukiukata majani kabla ya kiangazi, bua litakuwa fupi au halitatoka. Tenga mimea ya majani na mimea ya maua. Kwa ile ya majani, chukua mawili au matatu ya chini kabisa, baada ya mvua.

Na usiuchukulie kila mshubiri kuwa ni alovera ya kunywa. Utomvu wa manjano ulio chini ya ngozi ya jani una aloini, ambayo huharisha vikali. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa dawa za kulegeza choo zenye utomvu wa aloe miongoni mwa zinazouzwa bila cheti cha daktari. Hiyo ni spishi ya kawaida. Ziko zenye sumu hasa. Aloe ballyi, mshubiri mrefu kama mti unaopatikana pande za mpaka wa Kenya na Tanzania na wenye harufu ya panya, una kemikali za jamii ya sumu iliyo katika hemloki, mmea wa Ulaya unaojulikana kwa kuua. Kwa ndege na nyuki wanaofuata maua hilo si neno, lakini mtu asiyejua spishi yake asionje.

Mwisho, usiende nyikani na jembe. Mishubiri yote, isipokuwa alovera, imo kwenye orodha za mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa kibiashara wa mishubiri ya porini mwaka 1986 kwa amri ya rais, baada ya wachemshaji utomvu kuimaliza sehemu nyingi kavu, na mwaka 2007 zikatoka kanuni za kuwapa nafasi wanaoipanda wenyewe. Mbegu chache kutoka kwenye mmea wa jirani, kwa ruhusa yake, hazina lawama na huota vizuri zaidi kuliko mmea mkubwa uliong'olewa, ambao aghalabu hukaa mwaka mzima ukijiuguza kabla ya kutoa ua. Ukivuna mbegu hizo, acha nusu ya vitumba kwenye bua mpaka vipasuke vyenyewe, na bua kavu usilikate hadi mvua zije: miche inayoota chini ya kichaka kilicho karibu, penye kivuli chepesi, mara nyingi hushinda ile ya kwenye trei.